Mchi Kizingitini

Leo nimeumbuka mbele ya wakwe, ndugu zangu, na wakwe wenyewe bado hawajawa.

Mnakumbuka mwalimu wetu wa Kilatini alivyosema kwamba Waromania huiita ardhi "pământ", na kwamba neno hilo limetokana na "pavimentum" la Warumi: sakafu iliyopigwa ikashikamana. Mnakumbuka pia nilivyobisha. Mtu gani aanze na sakafu ya nyumba yake, aishie kwenye ardhi yote? (Mlinishangilia. Msikane.)

Basi leo asubuhi, hapa Kolwezi, nimekwenda kwa kina Mbombo. Kesho wazee wangu wanakuja kumposa, nami nilitaka tu kumsalimu baba yake, Tata Kabeya, aone kwamba masomo hayajaniharibu. Tai shingoni, viatu viking'aa.

Mlango ulikuwa wazi. Kizingitini umelazwa mchi wa kutwangia.

"Usipite," Mbombo akaniambia kutoka uani. "Mama ameweka muchi."

"Wa nini? Mizimu?"

Sikungoja jibu. Nikauruka kwa madaha, kama mtu anayekomesha ushirikina.

Mguu wa kwanza ukazama. Wa pili ukateleza. Nikakaa kitako katikati ya sakafu ambayo mama yake aliipiga tangu alfajiri, kwa ajili ya wazee wangu.

Tata Kabeya akatokea mlangoni.

"Mutoto ya iniversite, haukuona muchi?"

"Niliuona, tata. Nilifikiri ni mambo ya mizimu."

"Mizimu gani? Udongo iko mubichi."

Hapo ndipo nilipokumbuka (nimechelewa, najua). Bibi yangu kule Tenke alilaza mchi wake vilevile. Tulikaa nje, watoto wote, tukinusa udongo uliochanganywa na majivu, tukingoja ukauke. Hata mimi sikuuliza kwa nini. Mchi ukiondolewa, tulijilaza humo bila mkeka, shavu sakafuni, na dunia yetu yote ilikuwa ile.

"Kesho bazee bako batakaa wapi?" Tata akauliza.

"Nitaipiga upya, tata."

"Na hiyo tai?"

Nikaivua. Nimepiga udongo hadi jioni, suruali imekunjwa magotini, mama yake Mbombo akinielekeza kutoka nje bila kunitazama (heshima ya ukwe, au huruma). Alama moja tu ya kiatu, karibu na mlango, Tata amekataa niifute.

"Iache. Batoto benu bataona mahali baba yao aliingilia."

Mwambieni mwalimu nimekubali neno lake. Sababu msimtajie, na kicheko chenu kiishie humo humo bwenini.