Kufunguliwa kwa Nyumba ya Chembe, Bihambwe

Mheshimiwa Shefu wetu, ambaye hayuko hapa lakini kiti chake kiko. Waheshimiwa wanotabo, wakubwa wa kilima, mulioketi. Waheshimiwa wanotabo muliokosa viti mukaketi juu ya heshima yenu tu. Baba Padri, ambaye ametuma salamu na mwavuli. Bwana Moniteri Édouard, mwalimu wa darasa la sita. Wafugaji wa huko juu na wakulima wa huku chini. Ba mama wauza-maziwa. Watoto wa shule, ambao ninawaomba wasikohoe wakati ninasema. Na ninyi wengine wote ambao sina haja ya kuwataja kwa kuwa munajijua: mimi, Kanyamibwa, Karani Mkuu, Prezida wa Komite ya Chembe na Mwili, Vise-Prezida wa komite hiyo hiyo, na mtunzaji wa ufunguo wake, ninawasalimu wote kwa pamoja, mmoja mmoja. (Makofi. Yameanzishwa na Gatera, shemeji ya Karani, kabla salamu haijaisha.)

Watu wa Bihambwe, na ninyi wageni mulioteremka kutoka Kibabi, mwaka huu wa 1956 maendeleo yamepanda kilima chetu kwa miguu yake yenyewe. Munakumbuka kwamba mwaka jana, katika reunyo kubwa niliyoiita, niliyoiongoza na niliyoipongeza, Komite ilipitisha projé ya kujenga Nyumba ya Chembe, kusudi watoto wa darasa la sita waingie, waone kwa mikroskopi namna mwili wa muntu umetengenezwa, halafu waende kushinda mtihani wa shule ya wauguzi. Munakumbuka pia kwamba, kwa kuwa ujenzi wa kisasa unaanzia juu, tulianza na paa: tuliondoa mabati ya darasa la sita, kwa muda, kwa ajili ya nyumba mpya, tukayaweka katika mikono salama. (Kikohozi upande wa watoto.) Nimekwisha kuomba musikohoe.

(Mama Mukabaranga, muuza-maziwa, anasimama. Binti yake Léontine yuko darasa la sita. Anasema: «Papa Karani, ile mabati iko wapi? Mutoto yangu anasoma mu mvua, kifua kinamuuma, na mutihani iko karibu. Mimi niko na hasira.»)

Mama, hasira yako imepokelewa na buro. Swali ni zuri, lakini limekuja mbele ya zamu yake. Kukohoa kunahusu mapafu, na mapafu yako katika sura ya tano ya diskur hii, hotuba yangu. Tuende kwa mpangilio, maana mwili wenyewe uko na mpangilio, na mimi siwezi kuushinda.

Tuanze na chembe. Chembe ni kitu kidogo, kidogo kupita mbegu ya ulezi, kidogo kupita huruma ya wauza-chumvi wa Bweremana, na mwili wote umejengwa nacho kama vile nyumba inajengwa na matofali. Kila chembe iko na utando kwa nje, ambao unachagua nini kiingie na nini kitoke, sawasawa na planto anayesimama mlangoni pa buro yangu. Ndani iko na majimaji, ambamo kazi yote inafanyika bila malalamiko, na hayo njo ninyi. Na humo ndani kuko kiini, ambacho kinatoa amri, kinatunza urithi wa ukoo mzima, na hakibebi mzigo hata siku moja. Sitaki kusema kiini ni nani. (Gatera: «Ni wewe.») Amesema yeye.

Chembe za namna moja zikikusanyika zinafanya tishu. Tishu zikikusanyika zinafanya kiungo. Viungo vikishirikiana vinafanya sistemi. Sistemi zote pamoja zinafanya muntu. Na watu wakikusanyika bila ruhusa yangu wanafanya kosa. (Kicheko. Halafu watu wanatazama nyuma yao.)

Sura ya pili, sistemi ya kumeng'enya chakula. Chakula kinaingia kinywani, kinasagwa na meno, kinashuka katika umio, kinafika tumboni, kinalainishwa, halafu kinapita katika utumbo mwembamba, na humo njo nguvu yake inaingia katika damu na kugawiwa mwili wote. Munaona basi kwamba tumbo halijiwekei kitu, linapokea tu kwa niaba ya wengine, na kwa hiyo wakati munaniletea maziwa, viazi na kuku, musiseme Karani anakula, kwa kuwa anayekula ni mwili wa Sekta nzima na mimi ninasaidia kutafuna. (Papa Hakorimana, mkulima wa Kibabi: «Mbona unanenepa wewe peke yako?») Papa Hakorimana, mafuta yanawekwa pale ambapo mwili umeamua. Hiyo ni sayansi, na sayansi haina wivu.

Sura ya tatu, mzunguko wa damu. Moyo unasukuma damu, damu inatoka kwa mishipa ya ateri, inafika mpaka kwenye kidole cha mwisho cha mguu, na inarudi kwa mishipa ya vena, kwa adabu, bila kuitwa. Muntu asiyesoma akiona damu imetoka moyoni anapiga kelele kwamba imeibiwa. Haikuibiwa. Inazunguka. (Mama Mukabaranga: «Mabati nayo inazunguka?») Mama, umeanza kuelewa, lakini hatujafika. Na kwa mujibu wa statistike nilizozifanya mimi mwenyewe, bila kusumbua mtu yeyote, asilimia tisini na nane ya watoto wa shule hii wako na moyo, na wale waliobaki hawakuja shuleni siku ile. (Sauti nyingi: «Mapafu. Mapafu.»)

Mapafu, sawa. Nilitaka kupitia mifupa kwanza, lakini sawa. Mapafu ni mawili, yako ndani ya kifua, yanapokea hewa safi na kutoa ile iliyochoka. Sasa fikirini kwa akili: darasa lenye paa linafungia hewa ndani, lakini darasa lisilo na paa liko na hewa yote ya Masisi mpaka mbinguni. Ni shule gani ya Bukavu iliyo na hewa namna hiyo? Mtoto anayekohoa anatuonyesha kwamba mapafu yake yako kazini, na ningekuwa na wasiwasi mkubwa kama yangenyamaza. (Moniteri Édouard anasimama: «Bwana Karani, vitabu vimelowa. Ukurasa wa mifupa umegandamana na ukurasa wa figo. Watoto hawa watajibu nini?») Watajibu kwamba mwili ni umoja, Moniteri. Kaa.

Ninyi munauliza nyumba yenyewe iko wapi, kwa sababu munaona utepe umefungwa kati ya mikaratusi miwili, na nyuma ya utepe munaona majani na mbuzi wa Mama Nyirabahire. Ninahuzunika sana. Kuna muntu hapa amekwisha kuona chembe zake kwa macho matupu? Hakuna. Lakini munazo, tena mamilioni. Basi kitu kutoonekana si sawa na kutokuwako. Nyumba ya Chembe imejengwa kwa kipimo cha chembe, na anayetaka kuiona atumie mikroskopi. (Papa Hakorimana: «Na mikroskopi iko wapi?») Iko ndani ya nyumba. (Mbuzi anapita chini ya utepe.) Mumeona? Ameingia bila shida.

Semeni pamoja nami: Chembe, juu! Utumbo, mbele! Paa, baadaye! (Gatera anasema peke yake.)

Ninamaliza kwa shukrani. Ninaishukuru Komite, yaani mimi. Ninamshukuru shemeji yangu Gatera, aliyebeba mabati kichwani mpaka kwenye ile mikono salama, yaani kwangu nyumbani. Ninamshukuru mke wangu Dancille, ambaye kila mvua ikinyesha anayasikiliza na kusema ni mabati mazuri. Ninawashukuru kwa moyo wote ninyi mulioamini kwamba mikroskopi inakuja, kwa kuwa bila imani yenu hakuna muntu angepanda kung'oa misumari. Mimi mwenyewe kitu hicho sijakiona wala sikukiagiza, nilisoma jina lake katika gazeti nikalipenda. Na ninawashukuru watoto wa darasa la sita kwa uvumilivu. Siku ya mtihani, kama kutakuwa na mvua, Komite imekubali muje kuandikia kwangu, chini ya paa lenu, lakini mukae upande wa ukuta na mutoe nafasi kwa ndama zangu, kwa kuwa zenyewe hazijazoea baridi. Asanteni.

(Gatera anapiga makofi, halafu anaacha. Mama Mukabaranga anafunga kikwembe chake vizuri, anamshika Léontine mkono, na anauliza, bila kupaza sauti, nani iko na ngazi. Papa Hakorimana anasema ngazi ya shemeji yake mwenyewe iko karibu. Mkutano wote unashika njia ya kwenda kwa Karani, Moniteri akiwa mbele. Karani amebaki na utepe, anawaambia mgongoni kwamba mkutano haujafungwa.)