Albamu Yangu Ndiyo Iliyompa Beverlyne Viza

Ijumaa, 2 Juni

Mimi, Walter Machogu wa Ogembo, leo nimeingia rasmi katika mambo ya kimataifa!

Dada yangu Drusilla alipiga simu kutoka Nyamira akilia. Nikadhani ni msiba, nikaanza kutafuta koti. Kumbe ni furaha. Binti yake Beverlyne amepata nafasi chuo kikuu huko Amerika, jimbo la Minnesota, na karo imelipwa yote. Kimebaki kitu kimoja tu: viza. Jumatano anahojiwa ubalozini Nairobi. Akinyimwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Nikamwambia afute machozi. Mjomba yupo. Viza ni nini? Mimi niliwahi kuvuka mpaka wa Isebania na ng'ombe wawili bila karatasi yoyote, na askari wakanipigia saluti. Hata ng'ombe walipigiwa.

Drusilla alifuta machozi. Kisha akasema, tafadhali Walter, usifanye chochote. Ndivyo anavyoshukuru, tangu utoto.

Mtoto anakwenda kusomea udongo. Udongo! Ningemfundisha hapa hapa. Lakini sikutaka kuharibu furaha.

Jumamosi, 3 Juni. Sabato

Mhubiri alitusomea habari za Ibrahimu, jinsi alivyotoka kwao kwenda nchi asiyoijua. Nikashtuka kitini. Nikaona shida ya Ibrahimu papo hapo: hakuwa na jamaa waliotangulia! Beverlyne anao. Minnesota imejaa watu wetu. Ukipiga kelele sokoni kule kwa Kikisii, nusu ya watu wanageuka.

Kwetu hapa mgeni akifika boma anaulizwa kwanza, wewe ni wa nani? Akiwa hana wa kumtaja, nani atampa kiti? Mzungu naye ni mtu. Lazima anaogopa binti atapotea. Dawa yake: albamu!

Alasiri nilizunguka boma kwa boma kuomba picha. Kusaidia si kazi, kwa hiyo si dhambi. Nimepata hazina. Yuko Persis, aliyekwenda kwa kozi ya miezi sita mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu. Kijana sasa ana ndevu. Yuko Bosire, aliyekwenda kuhudhuria harusi. Maharusi walishaachana, Bosire bado yuko. Picha baada ya picha, watu wanono, wamesimama kwenye theluji.

Chini ya kila picha nimeandika kwa kalamu nyekundu: YUPO MINNESOTA MPAKA LEO.

Nani atabisha?

Jumapili, 4 Juni

Karamu ya kumuaga Beverlyne, kanisa zima limealikwa. Kwangu! Drusilla alisema mtu haagwi kabla ya viza. Nikamwuliza imani yake iko wapi.

Jirani yangu Haron Nyabuto alikuja amevaa lile jaketi alilotumiwa na mwanawe Ogoti kutoka Australia. Jua linawaka, yeye amefunga zipu hadi kidevuni. Jasho linamtiririka. Akiulizwa kama hasikii joto anasema jaketi hili haliingizi joto.

Wakati wa ahadi ulipofika, Nyabuto alishika maikrofoni kwanza. Akaahidi sanduku la magurudumu, jipya. Makofi! Kisha akanigeukia na kuuliza, mbele ya kanisa zima, Bwana Machogu, na mjomba je?

Nilikuwa nimepanga kuahidi maombi. Lakini mdomo ulitangulia. Nikasema nampa Beverlyne chai yangu yote ya bondeni, mpaka mtoni!

Vigelegele! Nyabuto alifungua zipu. Mke wangu Nyakerario aliweka chini sinia la ugali na kunitazama kama mtu anayechagua mahali pa kupiga. Nikaongeza haraka kwamba akikaa huko moja kwa moja, chai inarudi kwangu. Hapo hakuna aliyepiga makofi. Lakini Mzee wa Kanisa Ongeri alirudia maneno yangu yote kwenye spika, ili asije mtu akasema hakusikia. Walisikia hadi ng'ambo ya mto.

Kusema kweli ile chai imekuwa manjano mwaka wote huu. Kituoni wanakonunua majani wanaikataa. Kwa hiyo nimetoa zawadi kubwa bila kutoa kitu. Hiyo ndiyo akili!

Beverlyne hakucheza muziki. Aliteremka bondeni na jembe, akachimba, akaufikicha udongo kwa vidole, akaunusa. Mtoto mzuri. Ana mambo yake tu.

Jumatatu, 5 Juni

Leo nimemfunza mahojiano. Nilikuwa Mzungu. Tai, miwani ya Nyakerario, kiti kirefu. Nilikuwa Mzungu kabisa, hata mbwa alinibwekea.

Nikamwagiza: akiulizwa anamjua nani Amerika, ajibu, wote! Akiulizwa atarudi lini, akwepe kwa adabu. Mtu gani mwenye malezi hutaja saa ya kuondoka kabla hajakaribishwa kiti? Ni kumtukana mwenye nyumba.

Beverlyne akaniuliza kwa upole, mjomba, wewe umewahi kuhojiwa? Nikamjibu ndiyo, na polisi, tena wawili kwa zamu, na niliachiliwa. Akainama kufunga kiatu. Alikawia huko chini, mabega yakimtetemeka. Mtoto ana hofu. Ni vizuri ana mimi.

Jumatano, 7 Juni

Nairobi! Walinzi walinizuia langoni. Ni yeye tu anayeingia, walisema. Beverlyne akaniachia albamu, akisema asingependa ichafuke. Nikamwambia nitaiinua juu huku nje, waione dirishani.

Niliinua hadi mikono ikafa ganzi. Waliokuwa kwenye foleni niliwaonyesha ukurasa kwa ukurasa. Mama mmoja wa kitenge aliisoma, akashika kichwa.

"Baba, ficha hiyo kitu! Hao wanataka kujua kama msichana atarudi. Wewe umewabebea ushahidi kwamba nyinyi hamrudi!"

Wivu. Nilimwuliza ana jamaa wangapi nje. Hana hata mmoja! Nikamsamehe.

Kisha Beverlyne akatoka. Uso umelowa machozi. Nitaandika ukweli: nilijua amenyimwa. Nilimwona akilini Drusilla kule Nyamira akisubiri simu karibu na jiko. Albamu ikanianguka.

"Mjomba, wamenipa!"

Nilipiga ukelele ule wa kwetu wa harusi. Walinzi wakaja mbio wanne. Niliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, na kuwaambia jina langu.

Ijumaa, 9 Juni

Nyamira, kwa Drusilla. Kuku wawili! Nilikuwa nimejilaza sebuleni, Beverlyne akimsimulia mama yake jikoni. Nilisikia yote.

Eti aliulizwa kwa nini udongo. Akaeleza habari za chai ya manjano kando ya mto, na kwamba anataka kujua inaugua nini. Eti akaulizwa tutajuaje utarudi. Akajibu kwamba mjomba wake alimpa hiyo chai mbele ya kanisa zima, na asiporudi, mjomba anaichukua.

"Nikawaambia mnamjua mjomba wangu? Ndege ikiruka tu, yeye anaanza kuomba nisirudi. Mimi siwezi kumwachia!"

Eti ofisa alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka. Drusilla naye alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Unyenyekevu ulioje! Mtoto hakutaka kujivuna kwa kuitaja albamu. Mimi naelewa. Ile albamu ilionekana dirishani.

Drusilla ameshatuma watu wakapogoe chai bondeni. Nyakerario hajasema nami tangu Jumapili, ila mara moja tu, kuniuliza ni chumba gani cha nyumba nitaahidi safari ijayo.

Jumapili, 11 Juni

Nimefungua ofisi! Kona ya posho mill, Ogembo. Kibao: MACHOGU, MTAALAMU WA VIZA. Vumbi la unga linaingia kidogo, lakini linanipa mvi za heshima.

Na nani alikuwa mteja wa kwanza? Nyabuto! Bila jaketi! Amemleta binti yake Jacinta, anayetaka kwenda kusoma Australia kama kaka yake. Nyabuto aliniita Daktari. Nilimwomba arudie, sikusikia vizuri. Akarudia.

Nimemweleza Jacinta siri yote. Asitaje kurudi, hata akibanwa. Albamu mpya iko tayari, na ukurasa wa kwanza ni kaka yake Ogoti. Safari hii haibaki nje. Ataingia nayo chini ya sweta.

Karamu ya kumuaga ni Jumapili ijayo. Nyabuto alidokeza kwamba yeye ataahidi ng'ombe wa maziwa, akanitazama. Mdomo ulitangulia. Nimeahidi migomba yote ya nyuma ya jiko.

Nyakerario bado hajui. Nitamwambia viza ikitoka.