Kanuni ya Kushambulia Mapema

Kuanzia Jumatatu ile, mji wa Skálavogur, kule kaskazini kwenye theluji, ulifuta subira. Tangazo lilibandikwa kanisani, posta na kiwanda cha samaki: kila anayecheza sataranji kwa niaba ya umma atamshambulia mfalme wa mpinzani kabla ya hatua ya kumi. Kifungu cha nne: kurudi nyuma ni marufuku.

Mtunzi wa kanuni hiyo alikuwa Ketill, mwenyekiti wa halmashauri, aliyeamini kwamba mambo huchelewa kwa sababu watu hufikiri. Idara yake ya Kuharakisha ilikosa kitu kimoja tu, ofisi. Akachagua bwawa dogo la maji moto nyuma ya shule, pale wakongwe wa kike huloweka magoti kila asubuhi na kuisengenya halmashauri.

Wakongwe wakagoma. Na huko Skálavogur, ugomvi wa bwawani huamuliwa humo humo bwawani, kwenye ubao wa sataranji unaoelea. Anayeshindwa anatoka majini, haki ya bwawa anaiacha.

Basi Ketill akaingia, kitambi mbele, katibu wake Oddný nyuma na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Alimkuta mkongwe Sólrún akimngoja, miaka sabini na minane, arobaini kati ya hiyo kaimaliza akipasua samaki.

“Karibu mwanangu, maji hayaumi.”

“Bibi, nimekuja kikazi.”

Hatua ya nne, malkia wa Ketill alikuwa nje peke yake. Hatua ya saba, askari wa kumlinda mfalme wake walikuwa wametumwa mbele mbio mbio, kama wameambiwa huko kuna pilau.

“Andika,” akamwambia Oddný. “Shambulio limetangulia ratiba.”

“Na mfalme wetu, mwenyekiti? Amebaki katikati, hana hata ukuta.”

“Mfalme hahitaji ukuta. Ana malengo.”

Sólrún hakuhangaika na kelele za pembeni. Alitoa farasi, akatoa wa pili, akasukuma askari wake katikati ya ubao. Kila farasi alipotoka, malkia wa Ketill alihama, leo kushoto, kesho kulia, kama mpangaji asiyelipa.

“We Ketill, mrudishe huyo mwanamke kwao,” akasema Gróa, shoga yake Sólrún. “Ataliwa.”

Ketill akatazama. Kweli, palibaki njia moja salama, nayo ilikuwa ya nyuma.

“Kifungu cha nne,” Oddný akanong’ona.

“Nakijua! Nimekiandika mwenyewe!”

Akampeleka malkia mbele, akala askari mmoja. Farasi akamla malkia.

“Niandike hasara?”

“Andika uwekezaji.”

Katikati pakafunguka kama mlango wa duka. Ngome ya Sólrún ikaingia, malkia wake akafuata, na hatua ya kumi na saba mfalme wa Ketill akafa pale pale alipozaliwa, hajasogea hata mara moja.

“Haya baba, juu,” akasema Sólrún.

Ketill akatoka. Theluji ilimpokea mabegani. Nguo ya kuogelea ikaanza kukakamaa.

“Mabibi, nipeni dakika tano tu. Miguu tu.”

Wakongwe wakashauriana kwa nyusi.

“Lete ombi, nakala tatu,” Sólrún akasema kwa upole. “Kamati yetu inakaa baada ya Pasaka. Wanaoafiki?”

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Oddný, maji ya moto yamemfika shingoni.