Kitu Kinachoipita Sauti

Jamani, leo nimeaibika hadi natamani ardhi ipasuke initie ndani. Nimejifungia chumbani, na bado nasikia majirani wakicheka.

Mnajua ninafanya kazi gereji ya mgodini, upande wa Salamabila. Juzi Mzungu wetu alisema ndege za kwao siku hizi zinakwenda mbio kuliko sauti. Mimi na mdomo wangu nikaenda kumwambia baba yake Zaina, mchumba wangu, kwamba hata mimi naweza kurusha kitu kikafika kabla ya mlio wake. (Nani aliniuliza? Hakuna.) Mzee akanitazama weee.

"Utanionyesha," akasema. "Kama ni uongo, mutoto wangu haolewi na mutu wa uongo."

Basi leo mchana, nyuma ya nyumba yangu hapa Kabambare, nimefunga bomba kwenye tangi la hewa la lori bovu. Nikajaza hewa kwa pampu mpaka mikono ikafa ganzi. Mbele ya bomba nikapachika kokwa ya mchikichi, nikaigonga kwa nyundo ikae sawa. (Ilikaa sawa mno!) Upande wangu bomba lilikuwa na tundu linalovuja. Zaina akakimbia kwao, akachota bugali wa jana kwenye chungu cha mama yake, nikaliziba. Bugali wa muhogo ukilala unashika kuliko gundi.

Mzee akaenda kusimama kule shambani, karibu na bati la shabaha. "Nitasikia na masikio yangu mwenyewe!" Mama Zaina akabaki huku, amekaa pembeni kwa heshima ya mkwe.

Nikainama kuchungulia kama bugali umeshika. Nikiwa bado nimeinama, nikafungua koki. Na kama tunavyofanya mgodini baruti ikilipuliwa, nikapanua mdomo, masikio yasiumie.

Kokwa haikutoka. Bugali ukatoka! Donge zima, moja kwa moja kinywani. Nikashtuka, nikameza. (Naapa, mlio niliusikia baada ya kumeza.)

Sasa, kwetu mchumba hali mbele ya mama mkwe kabla mahari hayajaisha. Hata karanga moja hatafuni. Na yeye alikuwa ananitazama usoni, macho yamenitoka, bugali umeganda kwenye masharubu. Nilitamani kulia.

Kule shambani Mzee akapaza sauti: "Mulio umefika! Kitu yenyewe iko wapi?"

"Iko mu tumbo yake!" akajibu Mama Zaina. "Amekula mbele yangu! Na ni bugali yangu, naijua!"

Nikakimbilia ndani, nikafunga mlango.

Sasa hivi Zaina amekuja dirishani. Baba yake anasema hana neno tena, aliyekosewa ni mama, na mama ndiye atakayeamua kama naoa au sioi. Na mama ametuma swali moja tu: "Muulize, alishiba?"

Nikisema nilishiba, nimekiri kwamba nilikula. Nikisema sikushiba, nimedharau chakula cha mama mkwe. Zaina bado amesimama pale anangoja jibu, kaziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika.

Jamani, nipeni jibu kwanza. Kucheka mtacheka harusini, kama itakuwapo.