Basi la Saa Sita la Kwenda Monreale

Jumamosi, 5 Oktoba. Genova.

Tumepanda meli. Hata begi sijaliweka chini, msichana mwenye skafu akataka kunibandika namba kifuani. Nikakataa! Nimeendesha basi katika mji huu maisha yangu yote ya kazi, na nimekuwa katibu wa kamati ya mgomo tangu nikiwa na nywele. Sibandikwi.

Namba ni za safari za pamoja. Meli ikifika bandarini unapakiwa kwenye basi la kukodi, unamfuata mwanamke aliyeinua kibango, unaambiwa tazama kushoto, unatazama kushoto. Shemeji yangu Gualtiero amejiandikisha safari za bandari zote. Sishangai. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa ratiba wa kampuni yetu. Mimi upande huu wa meza, yeye upande ule, tunatukanana kwa adabu. Kisha akamwoa dada yangu Mirella. Ndilo pambano pekee nililowahi kushindwa.

Mpango wangu: kila bandari, basi la umma. Kujitegemea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ikifika Ijumaa, Gualtiero atakuwa ameona vibango, mimi nitakuwa nimeona nchi.

Ivana, mke wangu, amekubali kwa sharti moja. Jumatano tutakuwa Palermo, kisiwani Sicilia. Juu ya mji, kule Monreale, anaishi mama yake mkubwa, Crocifissa, wa mwisho aliyebaki upande wa mama yake. Kila Jumapili wanaongea kwa simu. Ana kwa ana hawajaonana tangu Ivana avae gauni la komunyo ya kwanza. Mama mkubwa atapika. Chakula saa saba kamili, na Wasicilia wakisema saa saba ni saa saba. Nimeapa kwa kadi yangu ya chama cha wafanyakazi kwamba nitamfikisha. Kadi ninayo mfukoni. Huwa haitoki.

Jumapili, 6 Oktoba. Marseille.

Mwanzo mzuri! Mirella amemwacha mumewe na kibango chake, akaja na sisi. Damu nzito kuliko maji.

Kulikuwa na gari dogo la kupeleka watu mjini. Nikalikataa kwa kuwa ni la meli. Tukatembea kati ya makontena. Makontena ya huku ni marefu. Mirella alijikwaa kwenye reli ya zamani, akasema si kitu, akaendelea huku anachechemea.

Mwishowe basi la umma! Nikamwonyesha dereva kadi yangu. Naye akatoa yake! Tumeongea kwa mikono njia nzima, yeye Kifaransa, mimi Kigenova, tukaelewana kabisa kuhusu mabosi. Abiria wakashuka mmoja mmoja, sikuona. Basi liliposimama tulikuwa karakana. Zamu yake ilikuwa imekwisha.

Tumekula kantini na madereva, dengu na soseji. Nimeonyeshwa mashine ya kuoshea mabasi. Safi sana, inazunguka pande zote mbili. Ivana aliuliza kama kutoka pale bahari inaonekana. Haionekani.

Jioni Gualtiero alituonyesha picha: bandari ya kale, kanisa juu ya kilima, yeye mwenyewe na sahani ya supu ya samaki. Nikamwuliza kama ameiona mashine ya kuoshea mabasi. Akaziweka picha kando. Halafu akautazama mguu wa Mirella, umevimba kama andazi, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu! Amestaafu miaka yote hii bado anajiita mkuu.

Jumatatu, 7 Oktoba. Barcelona.

Leo nimebadili mbinu. Si kushindwa, ni upelelezi. Ivana alisema anataka kuliona lile kanisa kubwa kwa macho yake, si karakana. Nikasema sawa, ila tutamsikiliza mwongozaji wa Gualtiero kwa mbali, bila kuwa kundi lake. Ukisikia kwa mbali hujajiunga. Ni kama kusimama nje ya kanisa wakati wa misa.

Kwa mbali hasikiki. Ikabidi nisogee. Wenye namba walikuwa wananitazama kifua. Nikatoa kibandiko kwenye ndizi ya Ivana, iliyotoka ng'ambo, nikajibandika. Kimefanya kazi vizuri hadi kwenye minara. Hapo mwongozaji aliinama, akakisoma kibandiko, akaniuliza kwa upole kama nimetoka Ekwado.

Watu walicheka. Gualtiero hakucheka. Alisema, mwacheni tu, ni shemeji yangu. Kwa huruma! Afadhali angenitukana, ningelala vizuri.

Ivana alikuwa ameshaondoka upande wangu. Nilimkuta mbele, anatazama kushoto.

Jumanne, 8 Oktoba. Baharini.

Hakuna bandari, hakuna hatari. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Wakati wa kahawa, mhudumu mmoja wa Palermo aliniambia kwamba kesho mabasi ya kwao yanagoma. Nikasimama nikampa mkono! Nikamwuliza madai ni yapi. Zamu ndefu, vyoo vibovu kwenye vituo vya mwisho. Madai halali kabisa. Nilikuwa katikati ya kumpongeza ndipo nikamkumbuka mama mkubwa.

Nilitegemea Ivana atalia. Hakulia. Ameishi na mgomaji miaka mingi, anayajua mambo haya kuliko wanasheria. Aliuliza tu saa za lazima ni zipi. Maana kwetu hata mgomo uwe mkali vipi, kuna saa mabasi lazima yatembee, wagonjwa na wanafunzi wasikwame. Mhudumu akauliza nyumbani kwao kwa simu. Kuanzia saa sita mchana. Basi moja la Monreale litaondoka saa sita. Tutafika mapema!

Halafu akatokea Gualtiero. Kundi lake kesho linakwenda Monreale kutazama kanisa lenye picha za dhahabu. Mirella hawezi kukanyaga chini, nafasi yake iko wazi, Ivana aichukue. Basi lao litampitisha mlangoni kwa mama mkubwa.

Nikamjibu kwa niaba ya Ivana. Nikasema siku ya mgomo, kupanda basi la kukodi ni usaliti. Gualtiero akamtazama Ivana. Ivana akanitazama mimi.

"Oreste," akasema, "mama mkubwa ana miaka tisini na miwili. Huyo hasubiri basi la pili."

Nikamwambia halitahitajika la pili.

Jumatano, 9 Oktoba. Palermo.

Naandika usiku, nikiwa nimekaa upande wangu wa kitanda. Nitaandika yote kwa haki, kizazi kijacho kiamue.

Tulishuka asubuhi, tukatembea kwa miguu hadi Uwanja wa Indipendenza, mabasi ya Monreale yanakoanzia. Ivana alivaa gauni la bluu. Alibeba keki yetu ya zabibu ya Genova, ameikumbatia tangu nyumbani, hata chumbani alikuwa akiiwekea mto. Basi lilikuwepo! Dereva alikuwepo, kijana mwembamba anaitwa Saverio, amekaa kwenye usukani kwa huzuni huku wenzake wakiwa na bendera kando ya barabara. Ivana akaingia, akakaa kiti cha mbele, keki mapajani. Bado kidogo saa sita igonge, injini imeshawashwa.

Nikasema niende kuwasalimu wenzangu mara moja. Ni adabu tu. Mtu hapiti kwenye mgomo wa watu kama anapita sokoni.

Kiongozi wao ni mama mmoja wa makamo, Agata, sauti kama honi. Nikamwonyesha kadi. Akaishika kwa mikono miwili, akawaita wengine waje waone tarehe niliyojiunga. Akasema komredi kutoka Genova amekuja kutuunga mkono. Sikumsahihisha, ingekuwa kumvunja moyo. Kisha akanipa kipaza sauti.

Naomba mtu aniambie ni mwanamume gani anayekataa kipaza sauti.

Nilianza polepole. Zamu ndefu. Vyoo. Wakapiga makofi. Nikapanda juu ya benchi. Nikasema kuhusu saa za lazima, ambazo mimi nilizipinga tangu zilipoanzishwa, kwamba ni tundu la panya ambalo bosi hupitia hadi jikoni kwako. Nikasema mgomo wenye saa za mapumziko si mgomo, ni ratiba! Walipiga kelele za shangwe. Nikasema anayewasha injini leo, hata kwa dakika moja, hana uso wa kurudi nao nyumbani kwa watoto wake. Tangu nistaafu sijaongea vizuri hivyo. Sauti ilirudi yote. Nilitokwa na machozi, na sioni aibu.

Injini ikazimika.

Saverio akashuka, analia kuliko mimi. Akanikumbatia, akaweka ufunguo mkononi mwa Agata. Watu wakanibeba juu. Kutoka kule juu, kupitia kioo cha basi, niliiona keki kwanza. Kisha nikamwona Ivana juu ya keki.

Niliposhushwa nilimvuta Saverio pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kila kanuni ina nafasi yake, na kwamba yule mama wa kiti cha mbele ana dharura ya kifamilia. Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate.

"Mzee," akasema, "si wewe uliyesema hata dakika moja?"

Wakati huo basi la kukodi likaingia uwanjani. Wagomaji wakazomea. Nilizomea kuliko wote, hadi nilipomwona Gualtiero dirishani. Msongamano ukalisimamisha karibu yetu. Akashuka. Hakusema la mkuu wala la mdogo. Alimwambia Ivana nafasi ya Mirella ipo, na mimi naweza kubanwa kwenye kile kiti cha kukunja cha mwongozaji.

Ivana alinigeukia. "Unakuja?"

Nikawatazama wagomaji. Wakanitazama. Kadi ilikuwa bado mikononi mwao, wanapokezana. Nikasema mtu hawezi kuuza msimamo wake kwa kiti cha kukunja.

Agata mwenyewe ndiye aliyemshikia Ivana keki wakati anapanda. Mama kwa mama, sijui waliambiana nini. Nilimwona Ivana akibandikwa namba kwenye gauni la bluu. Hakunipungia mkono. Nilipigiwa makofi marefu, nikarudishiwa kadi, nikapewa mkate wenye wengu la kukaanga, na nikiri ulikuwa mtamu.

Amerudi jioni ananukia vitunguu saumu, macho mekundu. Mama mkubwa alikuwa dirishani tangu asubuhi. Alipomwona akamshika uso kwa mikono yote miwili, hakuachia, chakula kikapoa kidogo na hakuna aliyejali. Ivana anasema mama mkubwa ana mikono ya marehemu mama yake. Ileile, hata kucha. Akasema hivyo mara kadhaa, nami nikafurahi kwa ajili yake, nafurahi kweli.

Kisha akaniambia mengine. Gualtiero alimbebea keki hadi mlangoni. Mama mkubwa akamvuta ndani, akambusu, akamwita mkwe wangu, akamketisha mwisho wa meza kwenye kiti cha marehemu baba mkubwa Calogero. Akamlisha tambi za kuokwa, sahani niliyowekewa mimi. Wakati wa kahawa akaleta kofia ya Calogero. Calogero! Aliyelala jela kwa kuongoza mgomo wa vibarua wa mashambani! Akamvisha Gualtiero. Mkuu wa ratiba!

Nikamwuliza Ivana kwa nini hakumsahihisha.

Alikuwa anavua viatu. "Alifurahi sana kuona nina mume wa kunifikisha," akasema, akazima taa ya upande wake.

Alhamisi, 10 Oktoba. Civitavecchia.

Gualtiero amekuja kwenye kifungua kinywa na kofia. Inamtosha. Alitaka kunipa, akaninyooshea mbele ya watu wote. Nikakataa. Kofia ya mgomo haipokewi kutoka mkononi mwa bosi. Mirella alisema kaka, chukua tu. Nikamwambia aangalie mguu wake.

Ivana amekwenda Roma na kundi. Namba nne. Nilibaki bandarini, mabasi ya Civitavecchia ni ya wastani.

Ijumaa, 11 Oktoba. Genova.

Nyumbani. Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na nimeona kosa lilipokuwa. Lilikuwa la Gualtiero.

Nimempigia mama mkubwa simu niweke mambo sawa. Nikamwambia mimi ndiye mume wa Ivana. Akasema mume wa Ivana ameshamwona, mtu mpole, anakula vizuri. Akaniambia niache kuwachezea wazee, nitafute kazi. Akakata.

Basi dawa ni moja: kwenda mwenyewe, na kudai kofia mezani kwake, uso kwa uso, kadi mkononi. Mpango uko tayari. Tutapanda meli tena wakati wa masika, na nimetafuta safari inayofika Palermo siku inayofaa. Hakuna namba, hakuna kibango. Basi la umma, hadi mlangoni. Nimechagua siku ambayo hata Gualtiero hataweza kuniibia, siku yangu mimi na wenzangu wote wa usukani: Mei Mosi.

Ivana alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu, kwamba Mei Mosi nani ataendesha hilo basi.

Nimemwambia asianze uchochezi.