Bendera ya Ua Safi

Jumamosi, 4 Mei
Kikao cha mtaa kuhusu mbu. Niligombea uenyekiti wa kamati. Kura moja, na mkono ulikuwa wangu! Hata shangazi hakuninyooshea wake. Kiti kapewa muuza mkaa. Utaratibu wake: kila ua ukaguliwe na jirani, maji yaliyotuama yamwagwe, ua safi upewe bendera ya kijani. Bendera hiyo lazima niipate.

Jumapili, 5 Mei
Tatizo ni matairi yangu nyuma ya jiko, mtaji wa kiwanda changu cha ndala. Yamejaa maji na viluwiluwi. Shangazi kasema niyamwage kabla hayajatuua. Wasiwasi wa wazee! Nimeyafunika kwa turubai.

Mkaguzi wangu ni jirani kinyozi. Nimemwambia asichungulie kwangu, nami sitachungulia kwake. Funika kombe mwanaharamu apite. Akasema yeye hana cha kuficha, ila kama ni neno la rafiki, basi. Muungwana yule.

Jumamosi, 11 Mei
Bendera! Nimeitundika juu ya mlango. Nimepita kwa muuza mkaa mara kadhaa, na mkaa ninao.

Jumatano, 22 Mei
Shangazi ana homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nikasema labda ni uchovu. Kinyozi akanifokea, akambeba mgongoni hadi zahanati. Malaria. Pale mlangoni bendera ilimpangusa shangazi uso. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 24 Mei
Amerudi. Amekonda, mikono imekuwa vijiti. Usiku nimekumbuka kuwa chandarua ninachotumia ni chake. Alinipa wakati changu kilipochanika. Huyu ndiye aliyenilea! Nimelia. Aliuliza jambo moja tu, kama maji nilimwaga. Nikajibu nilimwaga siku nyingi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 1 Juni
Nimetubu. Chandarua nimemrudishia. Matairi yametoka uani kwangu, yote! Kuyatupa nimeshindwa, kiwanda ni kiwanda. Nimeyaegesha kwa muda nyuma ya banda la uani kwa kinyozi, kule asikopita mtu. Nitamwambia nikipata nafasi. Mvua imeanza.

Wema wa kinyozi haulipiki, lakini nitajaribu. Kesho ni zamu yangu kukagua kwake. Sitachungulia hata kidogo. Bendera aichukue yeye.