Ombi la Kuhamisha Kilio cha Marehemu Edith

Mtaa wa Cité ya Kenya, Élisabethville
9 Juni 1953

Kwa Ndugu Constantin, Rais wa Chama cha Kusaidiana Wakati wa Kilio

Ndugu Rais,

Mimi ni Godefroid Mwenze, fundi wa mbao, mume wa marehemu Edith. Nakushukuru kwa kutuma wanachama waje kulia nami. Walilia vizuri. Leo ni siku ya arobaini na sita, na bado wako uani. Kosa ni langu, nami nitalieleza kwa utaratibu.

1. Siku ya tatu Mama Agnès, aliyemwita Edith dada mkubwa, alilia hivi: “Yoo, Edith, yaya yangu, weye njo ulikuwa unatiaka chumvi mara mbili!” Ni kweli. Edith alikuwa akisahau kwamba ameshatia, anatia tena, kisha ananitazama nikila. Maneno yale yalinigusa, nikampelekea Mama Agnès ugali wetu wa bukari na samaki mzima. Kesho yake, saa ile ile, akalia tena ile ya chumvi.

2. Wanawake wanne waliokaa karibu naye walikuwa wanaangalia. Hakuna aliyewafundisha. Siku iliyofuata wote walilia chumvi, kwa sauti ya Mama Agnès, mkono kichwani kama yeye. Nikatangaza kwamba samaki ni wa yule atakayetaja jambo jipya. Basi wakataja. Nimesikia kwamba Edith alienda Kipushi kwa pikipiki. Nimesikia kwamba alimfukuza chui kwa mwiko. Mzee mmoja wa Katuba, ambaye hakuna anayemjua, alilia: “Edith, ndugu yangu, ndevu yako ilikuwa muzuri!” Huyo nilimpa mkia tu, lakini nilimpa.

3. Nikaacha kupika. Walilia siku mbili bila kupumzika. Ya tatu nikashindwa, nikawasha moto. Sasa wanajua kwamba sufuria ikichelewa, dawa yake ni kulia siku tatu.

4. Nikabadili njia: kikombe cha sukari kwa kila atakayekunja mkeka wake na kutoka nje ya ua. Wote walitoka. Wote walirudi, ili watoke tena. Jumanne iliyopita, Jeannot, mtu mzima anayejiita shemeji yangu, aliondoka mara kumi na moja, na kila mara aliniaga kwa machozi. “Bakia muzuri, shemeji,” anasema, kikombe mkononi.

5. Mimi mwenyewe nimeharibika. Kazini, msumeno ukianza kulia, naacha ubao na kutafuta mwiko. Juzi nilimpakulia msimamizi wa karakana maranda ya mbao kwenye sahani. Alishukuru, ila hakula.

Nimefikiri sana, Ndugu Rais. Watu hawa hawawezi tena kuacha kulia. Wanaweza tu kulia mahali pengine, penye chakula kizuri zaidi. Mke wako, Mama Virginie, anapika sombe ya majani ya muhogo inayosifiwa mji mzima. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwamba ufariki. Sikuombi ufe kabisa. Jumamosi moja inatosha: ulale, ufunikwe shuka, na Mama Virginie afunue sufuria upepo ukija huku kwangu. Wakishahamia kwako, unaweza kuamka. Jeneza nitalitengeneza mwenyewe, na nitalitoboa matundu ya hewa.

Nisalimie Mama Virginie, watoto, wanachama wote, na yule katibu anayeumwa jino.

Mimi wako mwenye majonzi na utii,
Godefroid Mwenze

Nyongeza. Kabla sijafunga bahasha, wamekwenda wote. Wamesikia kuna harusi kule Katuba, na mbuzi wawili. Nyumba imenyamaza. Kisha nikatoka hadi njiani, nikalia kwa nguvu, kama nilivyoona wakifanya. Mama Agnès peke yake ndiye aliyegeuka. Hakulia, wala hakuangalia jikoni. Alisema tu kwamba pale bombani Edith alikuwa akiwaigizia wenzake jinsi ninavyokoroma, mpaka ndoo zinafurika na hakuna anayefunga maji. Miaka kumi na tisa, na sikujua. Nimempa sufuria nzima. Tafadhali usife, Ndugu Rais, na hao wengine uwaambie warudi kesho.